Kucha Nilizochora

Kijijini kwetu mgeni hupokewa kwa chokaa. Askofu akitangaza ziara, mkuu wa sekta akituma barua, hata wachanjaji wa watoto wakisema watapita Alhamisi, mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, majani yanakatwa mpaka udongo unaonekana, na kila kitu kilichofifia kinatiwa nguvu upya: maandishi ya ukutani shuleni, msalaba wa kanisa, namba za milango. Sijui nani alituzoesha hivyo. Ninachojua ni kwamba mtu wa kwetu akisikia mgeni anakuja, mkono unakwenda wenyewe kwenye ufagio na ndoo. Ninaanza na hilo kwa sababu nimechoshwa na watu wa soko la Baraka wanaosema sisi ni matapeli. Matapeli hupata kitu. Sisi hatukupata chochote.

Kijiji chenyewe kiko juu ya njia ya kutoka Baraka kwenda Fizi, upande wa milima, mahali ambapo ziwa unaliona vizuri lakini samaki wanakufikia wakiwa wameshakauka. Nyuma ya nyumba za mwisho kulikuwa na mwamba. Ulikuwa mwekundu, bapa, mpana kuliko uwanja wa kanisa letu, umeinama kidogo kulielekea jua la mchana. Hapo ndipo wanawake wote walipoanika mihogo. Muhogo unauvundika mtoni siku tatu au nne, unaumenya, unaupandisha kwa kikapu mgongoni, unautandaza juu ya jiwe, na kufikia kesho yake jioni umekauka mweupe. Unga wake tuliuita unga wa jiwe. Sokoni Baraka wanunuzi waliusugua kati ya vidole na kuufahamu hapo hapo, kwa sababu haukuwa na hata chembe ya mchanga.

Juu ya mwamba huo kulikuwa na nyayo. Vidole vitatu, kisigino chembamba, upana wa kumtosha mtoto kukaa ndani na kuoga maji ya mvua, na najua hivyo kwa sababu nimeoga humo. Zilikuwa tisa, zikitoka upande wa migomba na kwenda kwa mstari hadi ukingoni, kisha hakuna tena. Wazee walisema ni jogoo mkubwa aliyemwongoza babu yetu hadi kwenye maji. Mchungaji alisema ni mnyama aliyekosa nafasi kwenye safina. Hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Kwa wanawake nyayo zilikuwa mipaka na basi.

Nieleze hilo vizuri, maana ndilo jambo lenyewe. Bibi harusi akishaletwa kwetu, juma la kwanza anaonekana bado mgeni. Anapikiwa, anaoneshwa choo kilipo, watu wanamwita kwa jina la kijiji alikotoka. Halafu asubuhi moja mama mkwe wake anampandisha mwambani na kikapu chake cha kwanza cha mihogo, wanawake wengine wakiwa wamesimama kutazama, na anamwambia: toka mguu huu mpaka mguu huu, fasi yako. Tangu siku hiyo yeye ni mtu wa kwetu. Hakuna karatasi, hakuna muhuri, na wanaume hawahusiki. Fasi, yaani mahali pa mtu, inatoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamke, na haijawahi kusikika kwamba mume, shemeji au shefu, mkuu wa kijiji, amemwondoa mtu hapo.

Mama yangu alipewa kati ya mguu wa nne na wa tano. Alitoka Swima, mtoto wa wavuvi, hajui kumenya muhogo bila kujikata, na wanawake walimcheka mwaka mzima. Alizaa mtoto mmoja tu, mimi, na mimi ni msichana. Baba alikufa nikiwa bado sekondari. Mdogo wake, ambaye mimi ninamwita baba mdogo, alichukua mashamba kama desturi inavyotaka, kwa adabu zote, baada ya maombi na chakula. Nyumba aliachiwa mama aikalie, wala haikusemwa mpaka lini. Kwao Swima wazazi walikuwa wameshafariki na nyumba yao imeliwa na maji ya ziwa yalipopanda. Kitu pekee ambacho mama alikuwa nacho duniani bila kumwomba mtu ruhusa kilikuwa kipande kile cha jiwe. Maadamu anaanika mihogo kati ya mguu wa nne na wa tano, hakuna wa kumwambia arudi alikotoka.

Kisha ikaja barabara. Kampuni moja ilipewa kazi ya kutengeneza njia, na wakahitaji mawe ya kuvunja kokoto, na mtu wao akapanda kwetu akauona mwamba. Baba mdogo, ambaye pia ndiye shefu wa kijiji, aliita mkutano mbele ya kanisa. Nimejaribu sana kumchukia mtu huyu na bado sijafanikiwa vizuri. Alisimama kofia mkononi.

“Bandugu,” alisema, “barabara tunaliliaka tangu zamani. Bamama banazaliaka mu njia juu ya mashimo. Sasa hawa batu banaomba jiwe. Tuseme nini?”

Mwanamke mmoja aliuliza mihogo itaanikwa wapi. Baba mdogo akajibu kwamba kila nyumba ina shitingi, zile karatasi ngumu za plastiki walizotuachia watu wa misaada, na muhogo hauchagui. Wanawake walinung'unika. Mama alikaa kimya, maana mjane wa kwetu habishani na shemeji yake mbele ya watu. Aliangalia mikono yake. Nilimwona, na damu ikanipanda, nikasimama.

Mimi ni mwalimu wa jiografia Baraka. Nilikuwa nimekuja nyumbani kwa ajili ya mkutano huo tu. Nikasema nyayo zile si za jogoo. Nikasema ni za dinosaria, wanyama waliotembea hapa kabla ya ziwa kuwepo, wakati mwamba huu ulikuwa tope la kando ya mto, na kwamba nchi nyingine mtu akipata unyayo mmoja tu anaujengea uzio na watoto wa shule wanaletwa kwa mabasi. Nilikuwa nimejua hivyo tangu chuo cha ualimu, nilipofungua kitabu nikaona mguu wa kijijini kwetu umechorwa ukurasa mzima. Nilisema mengi. Nilisema na neno Kretasia, ambalo hakuna aliyelihitaji.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. “Muzuri,” akasema. “Mi sina masomo. Lete batu benye kujua. Bakiandika kama ni ya kweli, mi sitatoa jiwe, hata barabara ipite kule. Bakisema hapana, njo tunavunja. Si iko sawa?”

Ilikuwa sawa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba ilikuwa sawa kabisa.

Kwenye semina ya walimu huko Uvira nilimpata profesa wa mawe, mtu wa Bukavu, mpole, mwenye viatu vilivyochakaa. Nilimwonesha picha ya simu. Nilikuwa nimeipiga baada ya mvua, kwa haraka, na kilichoonekana ni vidimbwi vitatu vya maji na pembe ya kikapu. Aliikuza kwa vidole, akaigeuza, akaikuza tena.

“Inaweza kuwa kitu kikubwa,” alisema. “Inaweza pia kuwa mashimo ya maji tu. Kwa picha hii siwezi kusema. Lakini lile jiwe jekundu linanisumbua. Jiwe la namna hiyo, la kipindi cha Kretasia, wakati wa dinosaria, kwenu halijaandikwa popote.”

Nilimweleza kuhusu barabara na ahadi ya shefu. Hakucheka. Aliniambia atakuja na mwenzake, mama mmoja anayefanya kazi ya mabaki ya viumbe, na wakiridhika wataandika barua siku hiyo hiyo. Kisha akasema jambo moja, akalirudia: tuliache jiwe kama lilivyo, tusiguse kitu, hata majani yaliyoota kwenye nyufa yabaki. Niliitikia. Niliandika kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: tusiguse kitu.

Tulisubiri miezi. Njia ilifungwa kwa ajili ya mapigano, ikafunguka, ikafungwa tena. Wamama wa Bibokoboko, wafugaji wa huko juu milimani, waliokuwa wakishuka na maziwa na kuweka vibuyu vyao juu ya mwamba wetu walikuwa wameshaacha kuja, na kila upande uliulaumu mwingine, na sisi tulizoea kunywa chai kavu. Watu wa barabara walipanga mashine zao chini ya kijiji, wakangoja pamoja nasi. Hatimaye nikapata ujumbe: profesa na mwenzake wanafika Jumanne. Ijumaa nikapanda pikipiki kutoka Baraka nikiwa na mfuko wa chokaa kwenye mapaja.

Hapa ndipo ninapokosa mtu wa kumlaumu. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu. Niliyajua maneno yaliyoandikwa ndani. Lakini niliogopa. Nyayo zilikuwa zimechakaa kwa mvua na kwa visigino vya bibi zetu, nyingine zimejaa ukungu mweusi, na unyayo wa saba ulikuwa umebaki bonde tu. Mimi niliziona kuwa miguu kwa sababu nilikua nazo. Je, mtu wa Bukavu angeona nini? Angeona mashimo ya maji, angepanda gari, na mama angekuwa mgeni tena akiwa na nywele nyeupe. Nilipofika nyumbani nilimkuta yeye naye anawaza hilo hilo.

“Bageni batoke kule kote,” alisema, “bakute uchafu? Bakute mashimo tu? Utasema weye ni mwalimu namna gani?”

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu kila nyumba hutoa mtu. Kwa kawaida watu hukwepa. Siku ile walikuja wote. Wanawake walisugua mwamba kwa maji na majivu mpaka ukawaka wekundu wake wote. Waling'oa majani ya kwenye nyufa. Walipaka chokaa kuzunguka kila unyayo ili mgeni asitaabike kuutafuta. Halafu tukasimama tukatazama, na mtu akasema vidole havionekani vizuri. Sikumbuki ni nani. Ningekumbuka ningekuwa nimeshamtaja.

Fundi ujenzi alikuwepo na tindo zake mbili. Mimi nilichukua mgongo wa kalenda ya zamani, nikachora kwa makaa mguu wa kitabuni. Ulikuwa na vidole vitatu vinene, na kila kidole kina ukucha mrefu wenye ncha, kwa sababu mchoraji wa kitabu kile alitaka kuwafurahisha watoto. Nikaiweka kalenda katikati ya mwamba na jiwe juu yake isiruke. Tukaanza na unyayo wa kwanza.

Mama aliomba tindo walipofika kwenye wa nne. Fundi alitaka kumsaidia, akakataa. Alipiga magoti, akafunga kitenge vizuri, akagonga taratibu, akapuliza vumbi, akagonga tena. Aliniuliza bila kuinua kichwa, “Kucha iko namna gani? Inapinda ama iko sawa?” Nikamwambia inapinda kidogo ndani. Akaipinda. Ilikuwa kazi safi kuliko ya fundi. Wale waliomcheka zamani kwa sababu ya muhogo walikuwa wamemzunguka na kumsifu, mmoja alimfuta jasho, mwingine alianzisha wimbo. Sitadanganya, nilikuwa na furaha. Ninaikumbuka furaha ile na ninaona aibu kuliko kitu chochote kingine katika habari hii. Jioni ilipofika tulikuwa tumemaliza zote tisa. Hatukubakiza hata mmoja.

Jumanne gari lilifika saa tano. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Profesa alishuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na mbele ya baba mdogo na kijiji kizima akasema, “Huyu ni mwenzangu. Bila mwalimu huyu tusingejua kitu.” Aliniita mwenzake. Mimi ninayefundisha watoto themanini kwenye chumba kisicho na madirisha. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya harusi za watu, na nilitembea mbele yao kupanda mwambani kama mwenye mali.

Walipofika juu, profesa alisimama. Mwenzake, yule mama wa mabaki, alipiga magoti penye unyayo wa kwanza, akapitisha kidole ndani ya ukucha. Akaangalia kidole. Kilikuwa na vumbi jekundu la jiwe bichi. Akaenda kwenye wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne alikaa zaidi. Kisha alimwambia profesa neno kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, na nililisikia. Alisema ni tindo.

Profesa hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alituita tusogee, akaongea Kiswahili cha polepole, akituangalia mmoja mmoja.

“Bamama, bababa, munisikilize. Kama kuna mutu aligusa hizi alama, aseme tu. Haiko kosa, hakuna mutu atafungwa. Kama zilikuwa za kweli na mulizigusa, bado kuna njia. Jiwe hili liko kama mikeka, mumoja juu ya mwingine. Tunaweza inua kidogo pale ku ukingo, tutafute chini. Lakini lazima nijue. Kama hizi zimechongwa tu na watu, sina kitu cha kutafuta. Nani aligusa?”

Upepo ulikuwa unapeperusha kile kipande cha kalenda, kumbe hakuna aliyekiondoa. Baba mdogo alikuwa anangoja, uso wake hauna kitu. Watu wote waliniangalia mimi, na ilikuwa haki yao, kwa sababu chokaa niliileta mimi, mchoro niliuchora mimi, na lugha ya wale wageni niliijua mimi. Ningesema maneno manne. Profesa, tulizigusa, ni mimi. Yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ameniita mwenzake dakika kumi tu zilizopita, na nilijua kwamba nikifungua mdomo, neno lile litaondoka. Nikaangalia viatu vyangu.

Mama aliniona. Mama amekuwa akiniona tangu nizaliwe, na alielewa kwamba mtoto wake anaona aibu. Hakuelewa zaidi ya hapo, wala hakuhitaji. Akasogea mbele.

“Hapana mutu aligusa,” alimwambia profesa. “Iko vile tangu tulizaliwa. Batatu betu balikuta vile.”

Yeye wa Swima, ambaye hakuzaliwa hapo wala babu zake hawakuwahi kupaona. Wanawake wote walijua, na wote wakanyamaza. Profesa alimtazama, akatazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na malengelenge. Kisha akageuka kwangu.

“Mwalimu?”

Aliningoja muda mrefu, na mimi bado niliangalia viatu vyangu.

Walikaa chakulani kwa heshima. Profesa alikula kipaja kimoja, akashukuru, akasema njia ni mbaya na jua linakwenda. Alipoagana nami alinishika mkono mmoja tu. Barua ilikuja baada ya majuma machache, na baba mdogo aliisoma mbele ya kanisa baada ya ibada, kidole kikifuata mstari. Ilisema mwamba huo unaweza kuwa wa kale sana, ila alama zilizo juu yake zimechongwa na binadamu, na karibuni, na kwamba waliotia sahihi hawawezi kuombea ulinzi wowote. Alipomaliza aliikunja, akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonifanya nitamani kumpiga.

Nilidhani watu wataniangukia mimi. Hapana. Mimi ni mwalimu, nina mshahara wa serikali unaokuja au usiokuja, ninaandikia watu barua zao. Walihitaji mtu wa kubeba, na wakamchukua aliyekuwa karibu na asiye na mtu. Aliyesema uongo ni nani? Si yule wa Swima? Angesema kweli wageni wangetafuta chini, jiwe lingebaki. Wale wale waliomfuta jasho Jumamosi walianza kusema hivyo mtoni, kisha sokoni, na jina likamshika. Mwongo wa Swima. Mtoto akikataa kukiri kosa, anaambiwa asiwe kama yule. Mimi nilisikia hayo nikiwa Baraka, na kila niliposikia nilisema nitakwenda kuwaeleza ukweli mwisho wa juma. Mwisho wa juma ukifika nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Mashine zilipanda. Walianza kuinua mwamba kutoka upande wa migomba, tabaka baada ya tabaka, kama profesa alivyosema, na vipande vikubwa viligawiwa kwa wanawake wavivunje kuwa kokoto. Kazi ile iliwavutia wengi. Muhogo ulianikwa kwenye shitingi, ukatoka na rangi ya kijivu na harufu ya plastiki, na watu wa Baraka wakaacha kuuliza unga wa jiwe. Mama naye akaenda kuvunja. Nilimtumia ujumbe kwamba haina haja, kwamba nitamletea chakula. Alijibu kuwa hakai pale kwa ajili ya chakula. Alikuwa amewaomba wamruhusu akae kati ya mguu wa nne na wa tano mpaka siku mashine itakapofika hapo, na msimamizi, ambaye hakujua maana yake, alimwambia akae popote.

Nilipanda kumwona mchana mmoja wa likizo. Nusu ya mwamba ilikuwa bado nzima, na nusu ilikuwa shimo na malundo. Alikuwa amekaa chini, kitenge kimetundikwa kwenye vijiti viwili kumkinga jua, mguuni kipande cha mpira wa gari alichokikunja kuwa duara ili kokoto zisimrukie machoni. Anaweka jiwe katikati ya mpira, anapiga, anaondoa, anaweka jingine. Wanawake wengine walikaa mbali naye kidogo. Nilikaa karibu yake juu ya ndoo. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote yamepangwa, ya kuomba msamaha, na sikujua yaanzie wapi, kwa hiyo nilimuuliza habari za kiuno.

Alijibu habari za kiuno. Kisha, kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau kusema kwenye simu, akaniambia kwamba juma lililopita walifika kwenye fasi yake. Waliingiza vyuma chini ya mguu wa nne, tabaka la juu likainuka lote kwa pamoja, na chini yake kulikuwa na mguu mwingine.

“Muzima,” alisema. “Haukuguswa na mutu. Hauna ile kucha yako, iko mafupi, mafupi ya kweli. Na matope ilipanda hivi kati ya vidole, kama weye ukikanyaga mu muto. Ata mikunjo ya ngozi nilihesabu.”

Nilisimama. Nilimuuliza uko wapi. Aliashiria kwa kidevu lundo la kokoto lililokuwa nyuma yake, lililopangwa vizuri, tayari kupakiwa. Nilitazama kokoto zile, zote sawa, zote nyekundu, na nikasikia sauti yangu ikipanda. Nilimwambia hata jiwe moja lile lingetosha, kwamba profesa angerudi, kwamba nusu ya mwamba bado ipo, kwamba baba mdogo alitoa neno lake na angelishika. Nikamuuliza nani alimlazimisha kuuvunja.

“Hapana mutu. Batu ba mashine hata habakuona. Niliufunika na kitenge, nikavunja peke yangu.”

“Mama, na simu unayo. Juu ya nini hukuniita?”

Aliweka jiwe jingine ndani ya mpira, akaligeuza mpaka likakaa sawa.

“Nilishika simu,” alisema. “Nilitafuta fasi ya jina yako. Kisha nikawaza: bageni batarudi, batauliza tena ni nani aligusa ile ya juu, batu bote bataniangalia, na weye utanyamaza tena.”